Nyuma ya Mboni: Somo Juu ya Retina na Magonjwa ya Macho



Katika ukurasa huu wa afya tumekwisha kuandika habari za malaria, za maji ya kunywa na za kulisha watoto. Safari hii twataka kusema juu ya macho, tena si macho yote kwa jumla, bali sehemu moja ambayo wengi wetu hatujasikia hata jina lake, maana haionekani mtu akitazamwa usoni. Sehemu hiyo huitwa retina. Sababu ya kuichagua ni mama mmoja wa parishi yetu, ambaye ametupa ruhusa tueleze yaliyompata, mradi tusimtaje jina.

Mama huyu alikuwa msomaji wa masomo ya Jumapili kwa miaka mingi. Siku moja alisoma mstari mmoja mara mbili, akaruka mwingine, kisha akaketi kabla ya kumaliza. Baada ya ibada tulimwuliza kulikoni, akasema anaona ukungu, na katikati ya neno herufi zinapotea. Sisi tuliokuwa tumesimama naye pale nje ya kanisa tulimjibu mara moja, kana kwamba tumesomea udaktari: "Huyo ni mtoto wa jicho, mama. Subiri akomae ndipo ukafanyiwe upasuaji." Naye akasubiri. Alisubiri miaka miwili. Alipofika hospitali, tabibu kijana alimwamkia, akamtazama, na swali lake la kwanza halikuwa la macho.

"Mama, sukari yako ulipima lini mara ya mwisho?"

"Ah, mwanangu, kliniki nimeiacha tangu mwaka juzi. Sijisikii vibaya."

Hakuwa na mtoto wa jicho wa kumzuia kuona. Jicho la kulia lilikuwa limevuja damu ndani, na retina ilikuwa imevutwa mpaka ikabanduka. Hilo halikuweza kurudishwa. La kushoto limeokolewa kwa sehemu. Twaandika haya kwa sababu shauri lile la kusubiri tulilitoa sisi.

Basi retina ni nini? Wazee watakumbuka gari la sinema lililokuwa likipita vijijini jioni. Mashine iliwekwa huku, kule mbele likatundikwa shuka jeupe, na picha ikaonekana juu ya shuka. Jicho nalo lina mpango wa namna hiyo. Mbele kabisa pana kioo angavu, nyuma yake mboni, yaani lile tundu jeusi lipitishalo mwanga, na nyuma ya mboni ipo lenzi inayoukusanya mwanga huo. Mwanga uliokusanywa huangukia ukuta wa ndani, nyuma ya jicho, na ukuta huo umetandikwa utando ambao unene wake haufiki hata nusu milimita. Utando huo ndio retina. Lakini shuka halijui picha iliyoangukia juu yake, bali retina huipokea, huigeuza kuwa habari, na kuipeleka ubongoni kwa mshipa wa fahamu. Katikati yake pana kidoa kidogo, nacho ndicho kitumikacho kusomea, kutunga uzi kwenye sindano na kutambua sura ya mtu. Kikiharibika hicho, mtu aweza kutembea njiani bila kujikwaa, na bado asimtambue mwanawe aliyesimama mbele yake.

Mtoto wa jicho ni ugonjwa wa mashine: lenzi imepata ukungu, na daktari aweza kuitoa na kuweka nyingine. Ugonjwa wa retina ni ugonjwa wa shuka. Shuka likiungua, hata ukileta mashine mpya kutoka Dar es Salaam, picha haitaonekana, na mpaka leo hakuna hospitali inayobadilisha retina kama inavyobadilisha lenzi.

Kuna jambo jingine linalotudanganya, nalo ni kwamba retina haina maumivu. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na watu wengi walisafiri hadi Rujewa, mkoani Mbeya, kulitazama likiwa kama pete. Hapa Morogoro nasi tuliliona limeliwa upande. Siku kama hizo watu hutazama kwa filamu za eksirei au kwa miwani ya jua ya kawaida, vitu ambavyo havitoshi kabisa kulinda jicho. Mwanga wa jua waweza kuiunguza retina papo hapo na mtu asisikie chochote, mpaka baada ya saa kadhaa aonapo doa jeusi katikati ya kila anachokitazama. Mkono ukiungua tunaruka. Retina ikiungua tunaendelea kutazama. Ndiyo maana jicho jekundu linalouma hupelekwa hospitali siku ile ile, na jicho lisilouma, hata kama linakufa, huachwa lisubiri.

Turudi kwa mama yetu na kisukari chake. Retina hula na kuvuta hewa kwa njia ya mishipa myembamba mno ya damu. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, mishipa hiyo hudhoofika kuta zake, ikaanza kuvuja maji na mafuta. Maji yakikusanyika kwenye kile kidoa cha kusomea, maandishi hupinda au hupotea. Baadaye mishipa mingine huziba, na retina ikikosa hewa huomba msaada. Mwili hujibu kwa kuotesha mishipa mipya. Ungedhani hiyo ni habari njema, lakini mishipa hiyo ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho, kisha huacha makovu yanayoivuta retina kutoka mahali pake. Shinikizo la damu likiwapo pamoja na sukari, kazi hii ya uharibifu huenda mbio zaidi.

Katika hatua za mwanzo mgonjwa huona vizuri. Hili ndilo gumu kuaminiwa. Mtu anasoma gazeti bila taabu, na daktari akichungulia ndani anaona vidonda vya damu. Kwa hiyo aliyeambiwa ana kisukari cha ukubwani achunguzwe macho mara tu anapoambiwa, maana huenda sukari imekaa mwilini miaka mingi kabla ya kujulikana. Kisha arudi walau mara moja kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Wakati huo tiba ipo. Kuna mwanga wa leza, ambao daktari huupiga kwenye retina ili kuizuia mishipa ile mibaya, na kuna sindano za dawa ndani ya jicho (zinatisha kuzisikia, lakini jicho hutiwa ganzi kwanza). Tiba hizi kazi yake kubwa ni kuzuia hasara isiendelee. Kilichokwisha kufa hakirudi. Na hakuna leza itakayomsaidia mtu anayeacha dawa zake za sukari na presha.

Kwa habari hiyo, tuseme jambo moja la hapa nyumbani. Chai ya baada ya ibada katika parishi yetu hutiwa sukari humo humo birikani, na asiyeitaka hana la kufanya ila kuinywa au kuonekana ana maringo. Tumewaomba akina mama wa chai waweke sukari pembeni. Wamekubali, ingawa baadhi ya wazee wamenung'unika.

Kisukari ni adui wa mjini na wa kijijini. Adui wa pili wa retina hutoka juu yetu, kwenye mito ya Uluguru. Wengi wetu tulioko Morogoro mjini tumetoka Ukaguru na Ugogo, na hatukuzaliwa na mito iendayo kasi. Lakini wenzetu wa upande wa Matombo na Mvuha, na wote waishio kandokando ya mito iingiayo Ruvu, wanajua ugonjwa uitwao usubi. Huletwa na inzi mdogo mweusi, mwenye mgongo uliobinuka, anayeuma mchana. Chandarua cha malaria hakimzuii, maana yeye hamngoji mtu alale. Huzaliana katika maji yanayoporomoka juu ya mawe. Ziko hata jamii za inzi huyu katika milima ya Afrika Mashariki ambazo watoto wao hujishikiza kwenye kaa wa mtoni na kukulia hapo.

Inzi akimwuma mtu mwenye ugonjwa hubeba vijinyoo wadogo, akavipeleka kwa mwingine. Minyoo wakubwa hukaa chini ya ngozi ndani ya vinundu, mara nyingi nyongani, nao waweza kuishi miaka 10 na zaidi, wakizaa vijinyoo wasiohesabika ambao huzunguka ndani ya ngozi. Mtu huwashwa usiku na mchana, ngozi yake hukunjamana, na miundi ya miguu hupata mabaka meupe kama ya chui. Vijinyoo hao wakiingia jichoni na kufia humo, kioo cha mbele hupata makovu, na huko nyuma retina na mshipa wa fahamu huungua pole pole. Tuseme kweli: hapa kwetu kuwashwa na kuharibika ngozi kumewatesa watu wengi kuliko upofu, tofauti na Afrika Magharibi ambako watu walivihama vijiji vyao na kuacha mashamba mazuri ya kando ya mito. Lakini macho nayo hayakusalimika.

Dawa yake ni aivamektini. Ilitokana na bakteria waliopatikana katika udongo wa Japani. Satoshi Ōmura na William Campbell, walioitafuta, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tangu mwaka 1987 kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure kwa ajili ya ugonjwa huu, na vijijini imekuwa ikigawiwa na watu waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe, ambao humpima mtu urefu kwa fimbo ili wajue idadi ya vidonge. Twasikia watu wakilalamika, "Nilimeza mwaka jana, mbona naambiwa tena?" Jibu ni kwamba dawa huwaua vijinyoo wadogo, lakini yule mnyoo mkubwa haimwui. Humnyamazisha tu kwa muda, kisha huanza kuzaa tena. Kwa hiyo humezwa mwaka hata mwaka mpaka mnyoo afe kwa uzee wake. Mjamzito hangoji kuulizwa, aseme mapema, maana yeye hapewi mpaka ajifungue.

Upande wa pili wa mkoa, ukishapita Gairo na kuingia Kongwa, nchi ni kavu na ugonjwa wa macho ni mwingine: vikope, au trakoma. Huo hauhusu retina. Ni ugonjwa wa kope na kioo cha mbele, unaoenezwa kwa mikono, nguo na inzi wa nyusoni, na kunawa uso kwa maji na sabuni kwasaidia sana. Tumeutaja kwa kuwa wengi wetu tuna ndugu huko.

Sasa habari ya watoto. Retina yahitaji vitamini A ili ione katika mwanga hafifu. Mtoto anayejikwaa jioni, au anayepapasa sahani yake giza likianza kuingia wakati wenzake bado wanacheza, huenda amepungukiwa na vitamini hiyo. Upungufu ukizidi, kioo cha mbele hukauka na kupasuka, na surua ikiongezeka hapo mtoto aweza kupofuka kwa siku chache. Daktari Allen Foster, aliyefanya kazi katika hospitali yetu ya Kianglikana ya Mvumi, Dodoma, alichapisha pamoja na mwenzake mwaka 1987 habari za watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda vya jicho. Zaidi ya theluthi moja ya vidonda hivyo vilifuatana na surua, na miongoni mwa sababu nyingine zilikuwamo dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Chanjo ya surua na matone ya vitamini A yamepunguza sana mambo hayo. Hata hivyo inatushangaza kuona malori yakishuka kutoka Mgeta yamejaa karoti na mboga za majani kwenda masoko ya Dar es Salaam, na mtoto wa mkulima amebaki na ugali na maharage. Karoti, mchicha, matembele, papai, embe na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vibaki kidogo nyumbani.

Na ukiona kitu cheupe kinang'aa katika mboni ya mtoto mchanga au mdogo, kama jicho la paka usiku, usingoje juma lipite. Yaweza kuwa mtoto wa jicho, lakini yaweza kuwa saratani ya retina, ambayo huwapata watoto wadogo, wengi wao kabla ya miaka 5. Ikiwahiwa, mtoto hupona. Ikichelewa, huupita mshipa na kwenda ubongoni. Tumesikia ikisemwa kwamba jicho kama hilo ni dalili ya kurogwa. Mpelekeni mtoto hospitali kwanza.

Watu wazima nao wana dalili ya kukimbilia. Mtu akianza ghafla kuona vimulimuli pembeni mwa jicho, au vidoti vingi vyeusi vikielea kama wadudu, na hasa akiona kama pazia linashuka au linapanda mbele ya jicho moja, retina yake huenda inabanduka. Huyo asiende kununua matone dukani. Aende hospitali siku hiyo, maana ikiwa kile kidoa cha kusomea bado hakijabanduka, upasuaji waweza kukiokoa.

Imebaki ile presha ya macho, ambayo huua mshipa unaotoka kwenye retina. Nayo haiumi kwa kawaida. Huanza kula pembeni, mtu akawa anagonga milango na kupishana na watu bila kuwaona, na katikati bado anasoma vizuri. Hufuata ukoo. Kama baba, mama, kaka au dada yako anayo, pimwa wewe pia, hasa ukishapita miaka 40. Matone yake hutiwa kila siku maisha yote, na kazi yake ni kulinda kilichobaki.

Yafaa tueleze pia lile neno la kusubiri mtoto wa jicho akomae lilitoka wapi, maana halikuwa upumbavu. Zamani lenzi ilitolewa bila kuwekwa nyingine, na mgonjwa akavaa miwani minene kama chupa. Tena lenzi iliyokomaa ilikuwa rahisi kutolewa. Ilikuwa na maana mtu kusubiri mpaka asione kabisa. Lakini mwaka 1949 Harold Ridley wa London aliweka lenzi ya kwanza ya bandia ndani ya jicho la mtu, na leo lenzi hizo huwekwa hapa hapa Tanzania. Mtoto wa jicho hutolewa wakati wowote anapoanza kumzuia mtu kufanya kazi zake. Zaidi ya hayo, sisi tusio na taa ya kuchungulia hatuwezi kujua kama ni yeye. Ukungu wa lenzi, ukungu wa sukari na ukungu wa presha ya macho, kwa mgonjwa vyote ni ukungu.

Kwa wanaokusudia kwenda, maneno machache. Anzeni kitengo cha macho cha hospitali ya mkoa. Wenye shida ya retina mara nyingi hupewa barua ya kwenda Muhimbili au CCBRT, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi. Treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 hufika Dar es Salaam kwa muda wa saa mbili hivi, basi habari ya umbali si kama zamani. Chukueni daftari la kliniki ya sukari na dawa zote mnazotumia. Mtatiwa matone ya kutanua mboni, na kwa saa kadhaa mwanga utawachoma na maandishi hayatasomeka. Kwa hiyo msiende kwa baiskeli wala pikipiki, na mwende na mtu wa kuwashika mkono. Taa ya daktari haiumi.

Na nyumbani, au hata kanisani, jipimeni wenyewe. Jicho zima huficha makosa ya jicho bovu, na mtu aweza kukaa miezi akidhani anaona kwa yote mawili. Kabla ya ibada kuanza, ziba jicho moja kwa kiganja na usome ubao wa namba za nyimbo. Kisha ziba la pili usome tena. Namba ikipinda, ikikatika katikati au ikipotea upande mmoja, Jumatatu uwe hospitali.

Mama yetu hufanya hivyo kila Jumapili akiwa benchi la pili. Kwa jicho la kushoto husoma namba mbili za kwanza, na ya tatu humwuliza mjukuu wake. Sukari yake sasa hupimwa kila mwezi, na kliniki ya macho anatakiwa kurudi mwezi wa tatu. Sisi tuliomshauri kusubiri tumechanga nauli.